Unataka kuwa polisi wa akiba huku Lamu? Maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu watu wajue nishawahi kuvaa ile gwanda sina raha barazani. Nikikaa Mkunguni nipate kahawa yangu lazima atokee kijana aniulize "ami, NPR wanaandika lini?", na mwengine wa Malindi ananitumia voisi ya dakika sita saa tano za usiku, kwa hivyo nimeamua niandike mara moja, anayeuliza namtumia hii. Siandiki kama msemaji wa polisi. Naandika kama mtu aliyekuwa rizavu, yaani polisi wa akiba, upande wa Lamu bara, akatoka salama alhamdulillahi.

NPR ni nini hasa, na ni tofauti na KPR?

Ni kitu kimoja, jina ndilo limebadilika. KPR, yaani Kenya Police Reserve, ilianza 1948, zama za mkoloni, na wakati wa hali ya hatari ile ya Mau Mau ilikuwa hadi na kikosi chake cha ndege, kwa hivyo si kitu cha jana. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikaja ikaiita National Police Reserve, kifungu cha 110 kama unapenda kusoma mwenyewe. Kwa ufupi ni raia anayeishi na shughuli zake, anajitolea, anachujwa, akihitajika anatoka kusaidia polisi kulinda amani, mali na roho za watu na kushika wahalifu. Ukimaliza lindo unarudi kwako kukamua ng'ombe au kushona nyavu. Wazee wetu wengi bado wanasema KPR na sina haja ya kuwasahihisha.

Ni Lamu nzima wanachukua?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Hii si kazi inayofunguliwa kila mwaka kama kuandikisha makurutu. Inafunguliwa pale serikali ikiona kuna haja, na haja mara nyingi iko vijijini, mbali na kituo. Kwetu ni kule Basuba, Milimani, Mangai, Kiangwe, huko kwa ndugu zetu Waboni, halafu Pandanguo, Witu, Hindi, viunga vya Mpeketoni. Kijana wa Langoni, hapa Lamu mjini, anayetaka rizavu ili azunguke sokoni na bunduki begani, pole, hapo kituo kiko hatua chache na askari wa mshahara wapo.

Kwani polisi na wanajeshi hawatoshi? Boni imejaa majeshi.

Majeshi yapo ni kweli, operesheni ya msitu wa Boni dhidi ya al-Shabaab ilianza 2015 na haijaisha mpaka leo, imebadilishwa jina tu. Lakini kumbuka tarehe 15 Juni 2014, watu wako Mpeketoni wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia, watu wakaingia na bunduki, hata kituo cha polisi chenyewe kikashambuliwa, wakarudi usiku wa pili vijiji vya karibu, na kufikia mwisho zaidi ya watu 60 wameuawa. Kisha ikaja kafyu, wavuvi wa usiku wakakaa nyumbani miezi. Mtu aliyepitia ule mwaka haulizi rizavu ni wa nini.

Mgeni aliyeletwa kutoka Nyeri au Kakamega ni askari mzuri, sikatai, lakini hajui kwamba ule mkoko una njia ya kupita maji yakitoka, hajui kwamba ng'ombe wa fulani hawanywi kisima kile, kwa nini leo wako pale? Mwenyeji anaona nyayo tu anajua huyu si wa hapa. Hiyo ndiyo silaha ya rizavu, bunduki inakuja baadaye.

Nani anaweza kuingia? Lazima niwe na cheti cha fomu foo?

Sheria inataka uwe unaishi Kenya, umetimiza miaka 18, una tabia nzuri, una akili timamu, na umejitolea mwenyewe. Basi. Fomu foo haijatajwa hapo. Ila kujua kusoma na kuandika kutakusaidia sana, manake ripoti zinaandikwa, na ukishindwa kuandika ulichoona jana usiku mwengine atakuandikia anavyotaka yeye.

Hiyo "tabia nzuri" usiipuuze. Huku kwetu maana yake ni kwamba kijiji kizima kinajua wewe ni nani. Kama unatafuna miraa mpaka alfajiri na una kesi mbili za kupiga mke, hata ukiwa na kifua cha chuma jina lako litaangushwa.

Naanzia wapi?

Kwa mzee wa kijiji, halafu chifu. Usirukie kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, na barua ya mheshimiwa, utachekwa. Kukiwa na nafasi, chifu hutangaza kwenye baraza, majina yanasomwa mbele za watu, mtu akiwa na neno anasema hapo hapo. Kutoka hapo majina yanapanda kwa kamati ya usalama ya kaunti ndogo, pale yuko DCC (naibu kamishna wa kaunti), polisi, wapelelezi wa DCI na wale wasiojitambulisha. Mnapigwa msasa. Wengi huanguka hapa na hawaambiwi kwa nini.

Wewe tayarisha kitambulisho na kile cheti cha polisi cha tabia njema. Hicho unaomba kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ni shilingi 1,000 na hamsini ya juu, halafu unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Mtu wa Kiunga au Faza ajue nauli ya boti ndiyo itamuumiza kuliko hiyo elfu moja, kwa hivyo jipange, unganisha na safari nyengine.

Kuna mtu anasema nimpe elfu kumi aniwekee jina.

Mpe salamu zangu. Kujiandikisha ni bure, mtu akikuitisha pesa huyo ni mwizi, na kama kweli ni mtu wa ofisi basi ni mwizi mwenye ofisi. Na fikiria, unahonga ili upate kazi isiyo na mshahara?

Ndio nauliza sasa, wanalipa ngapi?

Hapa nataka usome polepole. Rizavu ni kujitolea. Hakuna mshahara wa mwezi kama wa konstebo, hakuna pesheni. Kuna nyakati posho hutolewa kwa operesheni fulani, na kuna nyakati mnakaa mnangoja hiyo posho mpaka mtu anakopa unga dukani kwa jina la serikali. Malalamiko ya rizavu kuhusu marupurupu yamesikika miaka na miaka, si Lamu peke yake, huko Baringo na Turkana ni wimbo ule ule.

Kwa hivyo kabla hujasaini, kaa na mke wako, au mama yako kama hujaoa, mwambie hivi, kuna usiku sitakuwepo na asubuhi yake sitaleta kitu. Akinyamaza usidhani amekubali. Mimi wangu alinyamaza, nikaja kujua baada ya miezi minne alikuwa anauza mikufu yake ya harusi mmoja mmoja. Na muulize OCS mbele ya mwenzako, nikiumia lindoni nani analipa hospitali, nikifa watoto wangu wanapata nini? Uliza kabla ya kupewa kitu chochote mkononi, na jibu liwe la maandishi. Ukishavaa gwanda hakuna atakayekuwa na haraka ya kukujibu.

Nitapewa bunduki?

Nilijua utauliza, ndio swali la kwanza la kila mtu na mimi nimeliweka katikati makusudi.

Wengine hupewa, wengine hupewa tochi na rungu. Bunduki ni ya serikali, imeandikwa namba kwa jina lako, risasi zimehesabiwa, na siku yoyote unaweza kuambiwa ilete ikaguliwe. 2019 serikali iliwanyang'anya rizavu bunduki sehemu kadhaa za Bonde la Ufa ili wapigwe msasa upya, kwa sababu kulikuwa na malalamiko kwamba silaha zinatumika kwa wizi wa mifugo na kukodishwa. Waliokuwa waaminifu waliumia pamoja na wezi. Kwa hivyo usijenge heshima yako juu ya ule mtutu, unaweza kuchukuliwa asubuhi moja.

Halafu utaiweka wapi? Nyumba zetu unazijua, makuti, mlango wa mbao, watoto sita wanalala chumba kimoja na binamu amekuja likizo. Mimi usiku wa kwanza sikulala. Niliiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaiweka juu ya dari nikaogopa panya, mwisho nikalala nayo kama mtu amelala na nyoka. Bunduki ikipotea kesi ni yako, mtoto akiichezea kesi ni yako, adui akijua iko kwako ndio amepata sababu ya kuja kwako. Mtu haniambii ni heshima.

Na kuhusu kufyatua, kanuni za polisi kwenye ile sheria ya 2011 ziko wazi, Jedwali la Sita, nguvu ni ya mwisho, kwanza jaribu njia nyengine. Ukifyatua hata kama hujampata mtu lazima mkubwa wako ajulishwe mara moja. Na kusema "niliamrishwa" haikuokoi kama amri yenyewe ilikuwa haramu. Mambo ya kifo au jeraha baya yanakwenda IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, hao hawana urafiki na OCS wako.

Hii si leseni ya bunduki ya mtu binafsi, kama ile ya tajiri wa hoteli. Ile ina bodi yake na fomu zake. Msichanganye.

Naweza kukamata mtu?

Unafanya kazi chini ya polisi, wakikutoa doria unasaidia kukamata. Na kusema kweli hata raia wa kawaida sheria ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 34 na 35, inamruhusu kumshika mtu anayemwona anafanya kosa kubwa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kukawia. Neno ni hilo, bila kukawia. Si kumfunga kwenye mnazi kwanza, si kumpiga picha ikazunguka Watsapu, si kumpitisha kwa mzee fulani wayamalize kwa elfu tano.

Katiba nayo, kifungu cha 49, inataka aliyeshikwa aambiwe kwa nini, tena kwa lugha anayoielewa. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Kwenye doria moja unaweza kukutana na Mboni, Morma, Mbajuni, Mgiriama na Mkikuyu wa Mpeketoni, na wewe Kiamu chako unadhani kila mtu anakisikia. Halafu kuna saa 24 za kumfikisha kortini, na kama zinaangukia nje ya saa za korti basi siku ya korti inayofuata. Ukimshika mtu huko Kiunga na bahari imechafuka ya kusi, hizo saa zinakimbia mbio kuliko boti. Ndio maana andika saa. Andika saa uliyomshika, uliyemkabidhi, namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Nilikuwa na kidaftari cha shule cha mistari na kiliniokoa mara mbili kortini.

Wanawake wanachukuliwa?

Ndio, sheria haisemi mwanamume. Na wanahitajika kweli, manake mwanamke anafaa kupekuliwa na mwanamke mwenzake kwa staha, ndivyo sheria inavyosema, kifungu cha 27 cha ile ile ya jinai. Sasa kwenye kizuizi cha njia mnasimamisha basi limejaa akina mama wa buibui na nyinyi nyote ni wanaume, mtafanya nini? Nishaona vijana wamekodoa macho tu. Siku nyengine wazee walizua mdomo wiki nzima kwa sababu askari mmoja alimgusa mke wa mtu begi. Dada akiniuliza namwambia nenda, ila uliza mapema kama kuna wenzako, usiwe peke yako kwenye kambi ya wanaume.

Mimi ni mvuvi, naweza kuendelea?

Inafaa uweze, ndio maana ya akiba. Lakini anayepanga zamu hajui bamvua wala maji mafu. Atakuweka lindo usiku ule ule ambao samaki wanatembea. Ongea naye mapema, mpe kalenda ya mwezi, wengine husikia. Ramadhani pia mnaweza kugawana, ndugu zetu Wakristo wa Hindi walikuwa wanachukua zamu ya daku na sisi tunachukua ya mkesha wa Krismasi, hiyo ilikuwa sehemu nzuri kabisa ya kazi yote. Mwalimu, mtu wa boda, mwenye duka, wote nishafanya nao. Mwenye duka ndiye alikuwa na shida zaidi, maana wateja walikuwa wanadhani anawaandika.

Watu wa kijijini watanionaje?

Kuna watakaokuita shujaa siku tatu. Baada ya hapo utakuwa mtu anayejua sana.

Askari wa kituo akimaliza anapata transfa, anakwenda Garissa, anakusahau. Wewe utazikwa hapo. Uliyemshika jana mtasimama safu moja msikitini Ijumaa, bega kwa bega, na mamake ndiye aliyemkanda mke wako alipozaliwa mwanao. Kuna kijana wa jirani tulimshika na mbuzi wa watu, mimi ndiye niliyemtambua viatu. Alifungwa kidogo tu akatoka. Lakini babake, tuliyecheza naye bao miaka, hakunikaribisha tena kibarazani, akiniona anageuza uso anaangalia bahari. Sikumlaumu. Na sijui kama nilikosea, manake wale mbuzi walikuwa wa mjane.

Kisha kuna mambo ya ardhi, na huku Lamu kila kitu kikichimbwa chini utakuta ardhi. Tangu zile skimu za makazi za miaka ya sabini watu wamechanganyika na wana maneno yao. Ukiwa rizavu na jirani mna kesi ya shamba, hata ukimwangalia tu atasema unamtishia na bunduki ya serikali. Kama una kesi ya mpaka, tafadhali imalize kwanza ndio uje ujiandike.

Na wale wa msituni nao wanasikia nani amejiandikisha. Sisemi zaidi.

Itanisaidia kuingia polisi kabisa?

Hakuna mlango wa nyuma. Kuajiriwa konstebo matangazo yanataka D plus ya KCSE, umri usiozidi miaka 28, afya, mbio, meno yako yote yaangaliwe. Ukiwa rizavu utakuwa umezoea kwata na lugha yao, ni faida ndogo, lakini kule uwanjani utapanga foleni kama kila mtu.

Niko Malindi, huku tunafanyaje?

Malindi mjini, Watamu, Mambrui, sahau rizavu. Ila kama nia yako ni usalama na si gwanda kuna kazi tele. Nyumba Kumi ipo, ile iliyosukumwa 2013 kwa kuiga mabalozi wa Tanzania, na ile sheria ya polisi ina sehemu nzima ya kamati za usalama wa jamii ambapo raia anakaa meza moja na OCS. Sehemu nyengine imelala, sehemu nyengine mwenyekiti ni mtu wa kupenda kusalimiwa tu, lakini ikiamka inafanya kazi. Shakahola, kule waumini wa Mackenzie walikofunga kula mpaka kufa, mwaka 2023 maiti zilizofukuliwa zilipita 400, na zote zilikuwa msituni ambako watu walikuwa wanaonekana wakiingia na familia zao na hawatoki. Hapo hapakuhitajika bunduki, palihitajika mtu wa kusema na mtu wa kumsikiliza.

Wavuvi mna BMU, vile vikundi vya kusimamia ufuo, mnaweza kutoka doria na watu wa uvuvi. Msalaba Mwekundu wanachukua wa kujitolea na wanakufundisha huduma ya kwanza, hiyo ukiniuliza mimi kila rizavu angeanza nayo. Coast Guard ya 2018 ni kikosi cha kuajiriwa, usije ukapeleka barua ya kujitolea pale.

Binamu yangu Uingereza anasema yeye ni polisi wa wikendi, ni kitu kama hiki?

Wanaitwa special constable, wako na sheria tangu 1831, hawalipwi ila wanarudishiwa gharama, na kwa kawaida wanatakiwa angalau saa 16 kwa mwezi. Wana mamlaka sawa na polisi wa mshahara. Karani wa benki Ijumaa usiku anavaa sare anatuliza walevi, Jumatatu yuko kaunta. Tofauti ni kwamba yeye akimaliza zamu anaacha kila kitu kituoni anapanda treni kwenda mji mwengine alikolala. Wewe ukimaliza zamu uko kijiji kile kile.

Nikichoka naachaje?

Usipotee tu. Kuna waliopotea, wakaenda Mombasa kutafuta maisha na silaha imebaki kwa shangazi, hao sasa hivi wanatafutwa. Andika barua, peleka kwa OCS, toa nakala. Rudisha bunduki, risasi zihesabiwe mbele yako moja moja, gwanda, buti, kila kitu, na hakikisha imeandikwa kwenye OB na umepewa namba. Ile namba iweke kwa picha ya simu na uiandike pia kwa karatasi, yangu iko kwenye sanduku la mke wangu pamoja na cheti cha ndoa. Miaka miwili baada ya kuacha alikuja afisa mpya na orodha ya zamani akaniuliza bunduki iko wapi. Nikamtolea karatasi. Akaisoma mara mbili, akanywa chai, akaenda zake.